Mji Uliokodisha Maji

Wageni wanaoingia ukumbi wa mashine za kufumia hapa Boott Mills, Lowell, jimbo la Massachusetts, hupewa vizibo vya masikio. Zikiwashwa mashine chache tu, sakafu inakutetemesha hadi magotini. Kazi yangu ni kuzitunza: kuunga nyuzi za mtande zilizokatika, kubadili bobini ya mshindio, kukaza mikanda. Ufundi wenyewe nilitoka nao nyumbani, kiwandani Dar es Salaam. Ila anayetaka kuuelewa mji huu namtoa nje kwanza, akauone mfereji.

Mto Merrimack unashuka karibu mita 10 kwenye maporomoko ya Pawtucket. Mfereji wa kwanza, wa 1796, haukuhusiana na nguo kabisa. Ulichimbwa ili mbao na mashua ziyakwepe maporomoko. Mwaka 1803 ukafunguliwa mfereji mwingine wa kwenda Boston, biashara ya ule wa kwanza ikadoda. Matajiri wa Boston wakaununua, na 1823 maji yakaanza kuendesha mitambo. Kampuni ya mifereji yenyewe haikufuma hata kitambaa kimoja. Ilikodisha nguvu za maji. Mifereji ilifika kilomita 9 hivi, kwa ngazi mbili, hivyo maji yaliyotoka kiwanda cha juu yaliendesha cha chini. Mhandisi wake, James B. Francis, aliyapima kama muuza duka apimavyo sukari. Mwaka 1850 alining'iniza lango zito la mbao juu ya mfereji, watu wakamcheka. Mafuriko ya 1852 yalipokuja likaangushwa, mji ukapona. Likauokoa tena 1936.

Wafumaji wa mwanzo walikuwa mabinti wa wakulima, wakifanya kazi zaidi ya saa 12 kwa siku. Waligoma 1834 walipotangaziwa kupunguzwa ujira, wakagoma tena 1836. Na pamba? Ililimwa na watumwa wa majimbo ya Kusini mwa Marekani. Hapo sipiti haraka, maana merikani, nguo ya pamba waliyovaa wazee wetu wa Unguja, na iliyobebwa na misafara ya pembe hadi bara, ilitoka viwanda vya Massachusetts. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vilivyoanza 1861, vilipozuia pamba, wafanyabiashara wa Bombay wakalichukua soko.

Viwanda vingi vya Lowell vilifungwa miaka ya 1920 na 1930. Kazi ikahamia Kusini, kwenye ujira mdogo. Majengo kadhaa sasa ni nyumba za kupanga, na kodi yake mfumaji haiwezi.