Elimu Niliyotumwa na Usharika

Sisi tuliokulia kanisani katika bonde la Msangano, wilayani Momba, tulifundishwa kukiheshimu chuo kikuu na kukiogopa kwa pamoja. Wazee walikuwa wamewaona vijana walioondoka na Biblia wakarudi na digrii peke yake. Kwa hiyo nilipopata nafasi Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, usharika ulifanya mambo mawili: ulinichangia, na ulinionya. Mchango ulitoka kwenye mnada wa sadaka. Jogoo alinadiwa, akanunuliwa, akarudishwa, akanadiwa tena. Debe la mpunga la mama mmoja mjane likapita mikononi mwa watu kadhaa, kila mmoja akilipa na kulirudisha, mpaka nauli ya kutoka Tunduma ikatimia. Onyo likatoka kwa mzee wa kanisa: “Mwanangu, kasome. Ila Mungu usimwache huko.”

Nikaenda nalo neno hilo. Shuleni nilikuwa katika umoja wa wanafunzi Wakristo, UKWATA, chuoni nikajiunga na ushirika wa wanafunzi wa kiinjili, TAFES, na sikukosa maombi ya alfajiri wala kesha. Tuliombea mitihani. Tuliombea bumu, yaani fedha za mkopo, litoke mapema. Tulimwombea mwenzetu aliyekuwa na masomo ya kurudia asije akadisko, yaani akaondolewa chuoni kwa kufeli. Yote hayo ni mema na hadi leo nayaombea. Lakini lile lililofundishwa darasani, udongo na mbegu na wadudu, halikuingia kwenye maombi yetu. Lilikuwa njia ya kupata cheti, na cheti kilikuwa njia ya kupata kazi.

Mabadiliko yangu yalianzia kwenye jani la mpunga. Mhadhiri wa magonjwa ya mimea aliingia na mashina machache yaliyong'olewa na mizizi yake, akayapitisha kila mmoja ayashike. Majani yalikuwa na michirizi ya manjano iliyofuata mishipa, shina limedumaa, na masuke yaliyojitokeza yalikuwa na punje tupu. Niliyatambua kabla hajataja jina. Kwetu nilishaliona shamba likigeuka rangi hivyo, nikasikia watu wakinong'ona kuwa mwenye shamba amefanyiwa jambo, au ana dhambi aliyoificha. Mhadhiri akatuambia ni kimyanga, ugonjwa wa virusi uliotambuliwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966. Mbegu haiubebi. Huenezwa na mbawakavu wanaotafuna majani, na pia kwa mikono na zana za mkulima, na kwa ng'ombe wanaopita wakila na kukanyaga. Baada ya mavuno hujificha kwenye machipukizi ya mpunga na baadhi ya magugu, ukingoja msimu mwingine.

Ng'ombe! Bonde letu ni la mpunga na ni la mifugo, na tukishavuna ng'ombe huachiwa mashamba. Nilikaa pale nikimfikiria jirani aliyesengenywa kwa ajili ya kitu kinachoweza kubebwa na kwato. Kumbe ndani ya daftari langu mlikuwa na ukweli wa kumwondolea mtu aibu asiyostahili. Jioni ile kwenye kikundi chetu cha maombi nililisimulia somo zima, na kaka mmoja wa mwaka wa mwisho akatukumbusha kuwa Sulemani, alipopewa hekima, alizungumza pia habari za miti, wanyama, ndege na samaki. Nilikuwa nimeisoma sura yenye maneno hayo tangu Shule ya Jumapili, na habari ya miti nilikuwa nikiipita tu.

Likizo iliyofuata, nikitaka kujua kama waliosoma kabla yetu nao waliitenga elimu na imani, nilimuuliza baba habari za babu yake, ambaye katika ukoo wetu hutajwa kuwa wa kwanza kushika kalamu. Alijifunza kusoma katika kituo cha misheni cha Mwenzo, ng'ambo ya mpaka, upande wa Nakonde, Zambia. Kuvuka huko hakukuwa ajabu, kwani mpaka wa Tunduma ulichorwa juu ya watu wa kabila la Wanyamwanga waliokuwa tayari ndugu. Wapresbiteri wa Scotland wa misheni ya Livingstonia ndio waliofungua kituo hicho katika miaka ya 1890. Maktaba ilinipa yaliyobaki. Mwalimu Donald Siwale, aliyesomea chuo cha Overtoun kule Livingstonia, aliungana na Peter Sinkala, Hezekiah Kawosa na David Kaunda, baba yake Kenneth Kaunda, wakaunda chama cha ustawi cha Mwenzo mwaka 1923, wapate kuifikishia serikali ya kikoloni shida za watu wao. Walikuwa matunda ya shule za misheni. Walichosoma kwa wamisionari walikitumia kuwasemea majirani wanaolipa kodi, na sijaona mahali walipolazimika kuchagua kati ya imani na akili zao.

Tangu hapo nilisoma kwa namna nyingine. Takwimu, somo nililokuwa nikilibeba kama mzigo wa kuni, nilianza kuliuliza maswali. Kunakili kazi ya mwenzangu kulinishinda, kwa sababu mkulima hawezi kulishwa jibu la kunakili. Nilipokuja Msangano kwa mafunzo kwa vitendo, yule mzee wa kanisa alinipeleka kwenye shamba lake lenye manjano. Tukang'oa mashina yaliyougua, tukaosha majembe, tukakubaliana kwamba baada ya mavuno machipukizi yatalimwa na kufukiwa na kitalu kitahamishwa. Kisha akavua kofia akaomba pale pale tumesimama kwenye tope, akamshukuru Mungu kwa ajili ya mbawakavu kujulikana.

Nawaomba wachungaji na wazee wa sharika za Momba jambo moja. Mtoto mliyemchangia akirudi likizo, msimwite mbele kuuliza tu kama bado anasali. Mpeni dakika kumi baada ya matangazo, aeleze anasoma nini na kina faida gani kwa watu waliokaa kwenye mabenchi. Kisha mwombeeni kwa hilo alilolisema.