Meza Dawa, Wasiwasi Usiumeze

Songambele, Kyerwa

Mwanangu,

Ujumbe ulionitumia usiku wa manane niliusoma alfajiri, kabla sijatoka kwenda kuanika maharage. Unasema moyo unakwenda mbio, viganja vinatoa jasho, kifua kinabana, na ukikohoa kidogo tu unaona safari imefika. Unasema pia kwamba majibu ya wingi wa virusi yametoka, daktari akakwambia havionekani, nawe ukatoka pale hujamwamini. Kwenye simu tungekatizana maneno, ndiyo maana nakuandikia.

Daktari mwamini. Dawa unayomeza kila siku imevifubaza virusi hadi kipimo hakivioni, na mtu aliyefika hapo, akiendelea na dawa zake, hamwambukizi mwenzake kwa tendo la ndoa. Hilo limeshachunguzwa na kuthibitishwa duniani. Kinachokuamsha usiku ni hofu, na hofu ina kazi yake mwilini: inauandaa mwili kukimbia au kupigana. Damu inasukumwa kwa nguvu, pumzi inakuwa fupi, tumbo linavurugika. Wewe umelala kitandani, huna wa kumkimbia, basi nguvu zile zote zinabaki kukutikisa. Najua inatisha. Lakini hupanda kisha ikashuka yenyewe, mara nyingi hata nusu saa haiishi. Na kwa kuwa ni mara ya kwanza kunieleza habari za kifua kubana, mwambie daktari akusikilize moyo na akupime presha, ili hilo nalo tulijue badala ya kulikisia.

Sasa nisikilize, kuna habari ya kwetu ambayo ninyi vijana mmeisikia juu juu. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Tanzania walikuwa watatu, mwaka 1983, katika Hospitali ya Ndolage, hapa hapa Kagera, upande wa Muleba. Watu waliuita ugonjwa ule Juliana, kwa jina la nguo zilizoletwa na wachuuzi kutoka Uganda. Mwaka 1987 watafiti walipopima Bukoba mjini, walikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana virusi. Dawa hakuna. Sahani ya mgonjwa ilitengwa, mkono wake haukushikwa, na wengi waliugua wiki na miezi bila kusemeshwa na mtu yeyote kuhusu kile kilichokuwa kinawala moyoni.

Mwaka huo huo wa 1987, ng'ambo ya mpaka, Uganda, mama mmoja aitwaye Noerine Kaleeba alifiwa na mumewe, Christopher, kwa ugonjwa huo. Yeye na wenzake wachache, baadhi yao wakiwa wagonjwa, walikuwa wakikutana kusemezana na kuliliana, na kutoka hapo wakaanzisha shirika la TASO. Hawakuwa na kidonge hata kimoja cha kufubaza virusi. Walichokuwa nacho ni mazungumzo, kutembeleana na kushikana mikono, na watu waliokuwa wamejifungia ndani wakatoka wakaanza kuishi siku zao zilizobaki kama watu. Kwetu Tanzania Theresa Kaijage naye alianzisha shirika la WAMATA mwaka 1989 kwa moyo huo huo.

Dawa zilipoanza kutolewa bure, mwaka 2004, tulifurahi mno, na tulikuwa na haki. Lakini naona tulipopata vidonge tuliyaacha mazungumzo. Mtu anafika kliniki, anapanga foleni, anatoa kadi, anapewa dawa za miezi mitatu au sita, anarudi kwake. Wahudumu ni wachache, foleni ni ndefu. Nani atamuuliza kama analala? Hili linaniuma, kwa sababu nimeyaona matokeo yake nikiwatembelea wagonjwa majumbani.

Mama mmoja wa kijiji jirani alikuwa anameza dawa bila kukosa, mwili umerudi, analima. Siku moja alinionyesha mfuko aliouficha chini ya kitanda: kanga mbili mpya, shuka jeupe, na kopo la maziwa lenye fedha za mazishi yake. Kila mwaka alikataa kupanda miche ya kahawa, kwa sababu kahawa inataka kama miaka mitatu kuanza kuzaa, naye alisema hatakuwepo kuvuna. Tukakaa naye. Nilimuuliza nani alimuuguza zamani, akasema yeye ndiye aliyemuuguza dada yake, miaka ya tisini, hadi mwisho. Alikuwa anangoja kufa kama dada yake, hatua kwa hatua, wakati mwili wake ulikuwa unafuata njia nyingine kabisa. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Hakupona hofu siku ile, lakini mvua za vuli zilipoanza alinunua miche.

Nakwambia haya kwa sababu ya baba yako. Kaka yangu alifariki mwaka 2003, mwaka mmoja tu kabla ya dawa za bure. Ulikuwa mdogo, tukidhani hujui kinachoendelea, na chumba chako kilipakana na chake. Nadhani unapokohoa sasa, unakisikia kikohozi cha baba yako. Baba yako hakupata dawa. Wewe unayo. Ukitaka kumlilia, tumlilie pamoja, maana sisi wakubwa tulikunyima nafasi hiyo. Lakini ugonjwa wake usiufanye kalenda ya maisha yako.

Kuhusu usingizi: zamani dawa yenye efavirenzi iliwapa watu kizunguzungu na ndoto za kutisha. Hii mpya yenye dolutegraviri ni nzuri sana, ila kuna wachache inaowanyima usingizi, na wengine huambiwa waimeze asubuhi badala ya usiku. Muulize mhudumu wako kabla hujabadilisha saa, na usiruke hata siku moja. Dawa za usingizi za dukani usinunue. Pombe nayo itakulaza kwa saa mbili, kisha ikuamshe na wasiwasi mara dufu. Moyo ukianza mbio, keti, weka miguu sakafuni, vuta pumzi taratibu kwa pua na uitoe polepole zaidi ya ulivyoivuta, ukirudia hadi utulie. Na simu iache chumba kingine. Usiku wa manane kwenye intaneti utapata magonjwa yote ya dunia na hutapata mtu wa kukufariji.

Hapo kliniki kwako omba kuonana na WAVIU washauri. Ni watu wanaoishi na virusi kama wewe, wamepita hapo ulipo. Kule Harare, Zimbabwe, Dokta Dixon Chibanda aliwafundisha bibi wa mitaani kukaa kwenye benchi nje ya zahanati na kuwasikiliza wenye mawazo mazito. Kazi yao ilifanyiwa utafiti uliochapishwa mwaka 2016, kwa watu 573 wenye mawazo hayo, takribani wanne kati ya kumi wakiwa na VVU, na baada ya miezi sita waliokaa na bibi wale walikuwa na sonona na wasiwasi kwa kiasi kidogo sana kuliko wenzao ambao hawakukaa nao. Bibi wa kawaida kabisa, mwanangu.

Ikiwa wiki mbili zinapita hulali, huli, hakuna kinachokufurahisha, hapo panahitaji mtaalamu. Uko Mwanza, Bugando wana idara ya afya ya akili, na kuingia pale hakumfanyi mtu kuwa kichaa. Ukiwaza kujidhuru, usingoje kupambazuke. Mwamshe mwenzako, nenda hospitali, nipigie hata saa tisa usiku. Na usiogope kwamba watajua kazini: Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inakataza kulazimishwa kupima na inalinda siri ya majibu yako.

Sala endelea nazo, nami nakuombea. Ila yeyote atakayekwambia uache dawa kwa jina la imani, mkimbie. Mwaka 2011 watu wa huku walipanga magari kwenda Samunge, Loliondo, kunywa kikombe cha uponyaji cha shilingi 500, na wapo walioacha vidonge vyao. Siwalaumu. Ilikuwa ni hofu ile ile ikitafuta mahali pa kupumzika.

Niandikie tarehe yako ya kliniki inayofuata. Sasa daraja la Kigongo–Busisi limefunguliwa, basi halingojei kivuko, kwa hiyo nikiondoka Omurushaka alfajiri nitafika kwako siku hiyo hiyo. Nitakaa wiki nzima. Tutakwenda kliniki wote, na ukikubali nitaingia nawe ndani. Niambie pia kama bado unakula matoke au mji umekubadilisha, nijue nibebe mkungu mmoja au miwili.

Shangazi yako