Ukuta Nyuma ya Jiko, Wundanyi

Kutoka Mombasa hadi Voi nchi ni tambarare, vichaka na udongo mwekundu mpaka macho yachoke. Ukishapita Mwatate mambo hubadilika. Barabara yaanza kupanda kwa kujipinda, hewa yapoa, na watoto waliokuwa wakilalamikia joto huomba sweta. Ndivyo mtu afikavyo Wundanyi katika milima ya Taita, ambayo kilele chake cha Vuria kimepita mita 2,200 juu ya bahari.

Sisi wa pwani ukuta twaujua kwa kazi nyingine. Ule wa matumbawe na chokaa katika Mji wa Kale huzuia jua na kuwasitiri wenye nyumba. Huku ukuta hubeba mlima, na mlima wenyewe umelowa, kwani pepo zitokazo Bahari Hindi hugonga vilele hivi na kuacha ukungu na mvua.

Wifi yangu aliyeolewa huko ana nyumba ya vyumba vitatu kwenye mteremko. Ili kupata uwanja ulio sawa, mlima ulichongwa nyuma, ukabaki ukingo wima wa udongo wenye kimo cha mita 2, hatua chache tu kutoka mlango wa jiko. Vuli iliyopita kipande chake kiliporomoka usiku, kikafukia kuni na banda la kuku. Hakuna aliyeumia, alhamdulillahi, lakini dirisha la chumba wanamolala watoto liko upande ule ule, na vuli nyingine ilikuwa karibu.

Mumewe alitaka akiba yote iingie katika ukuta mmoja mnene usio na tundu hata moja. Fundi, mzee wa mtaa ule, aliutazama ukingo kwa muda, kisha akauliza: “Mama, maji ya bati lenu huenda wapi?”

Swali hilo ndilo lililobadili ramani nzima. Ukuta wa namna hii mara nyingi huangushwa na maji yaliyokosa njia. Yakijaa nyuma ya ukuta wa mita 2, kila mita moja ya urefu wake husukumwa na maji peke yake kwa nguvu ya takriban tani 2, mbali na uzito wa udongo. Kimo nacho kina hesabu yake: kikiongezwa maradufu, msukumo huwa mara nne.

Basi wakakubaliana kujenga kuta mbili za mawe, kila moja mita 1, na kati yake uwanda wa mita 2, ili ule wa juu usiulemee wa chini. Kitako cha kila ukuta kiwe nusu ya kimo chake, na uso wake uegemee mlima kidogo. Nyuma yake kokoto tupu, si ule udongo uliochimbwa. Chini ya kokoto, bomba lenye matundu lililozungushiwa kitambaa cha kuchuja. Na katika ukuta wenyewe, vitundu vya kutolea maji.

Mawe yalipatikana jirani. Kokoto ndizo zilizokula fedha, na shemeji alijaribu sana kuzipunguza. Wifi akakataa katakata. Yeye naye alitaka kupanda sukuma wiki kwenye uwanda. Fundi akamwambia bustani inyweshwayo kila jioni ni mvua ya mwaka mzima, apande nyasi za kushika udongo. Hilo halikumfurahisha, nami namwelewa.

Maji ya paa yalielekezwa kwenye tangi, na yanayofurika yakachimbiwa mfereji hadi mtaro wa barabarani, yasimwagikie jirani wa chini, ambaye ana haki yake.

Nyumba za kingoni zipo hata kwetu, kando ya hori za Tudor na Mtwapa. Ukuta unaopita kimo cha mtu, au wenye nyumba juu yake, usikadiriwe kwa jicho. Aitwe mhandisi kabla ya jembe la kwanza.

Siku ya kuondoka kwetu ukuta wa chini ulikuwa umekamilika. Fundi alimwaga ndoo kadhaa za maji juu ya kokoto, akainama kutazama. Vitundu vinne vilitiririka, cha tano kikabaki kikavu. Akamwita kijana wake, wakaanza kuzifukua kokoto upande ule.