Funika Chombo, Dada Yangu



Huku Kitale, mahindi yakishavunwa, panya huyaacha mashamba na kuyaelekea majumba, na banda la kuku ndilo karamu yao. Jirani alinishauri niweke sumu, nilikataa. Sumu nyingi za dukani hazimwui panya papo hapo. Huzurura siku kadhaa akiwa mnyonge, na paka au kuku humla. Na yai la kuku huyo ataliwa na nani, kama si watoto wetu?

Nilimfuata wifi yangu wa Bungoma. Ghala lake la mahindi limeinuliwa juu ya nguzo, na kila nguzo imevishwa bati ili panya ateleze. Kwa mfano huo nilinunua pipa la bati lenye kifuniko kizito, nikaliweka juu ya matofali. Banda nimelizungushia waya wa matundu madogo, kwani panya mchanga hupenya tundu la upana wa kidole. Kuku hawali usiku. Basi kabla ya Magharibi huondoa vyombo vyao na kufagia punje zilizomwagika. Panya akikosa chakula, huhama.

Mtume wetu (s.a.w.) alituagiza tufunike vyombo usiku, na tuzime taa panya asije akaiunguza nyumba. Mafundisho haya tuliyasoma chuoni, lakini wengi wetu huyaishia jikoni. Banda nalo linayastahili. Riziki ni amana, na kuilinda bila kumdhuru asiye na hatia ni sehemu ya shukrani.

Wabillahi tawfiq.