Baiskeli Isiyo na Keria

Baiskeli ya kaboni haikuundwa ibebe mizigo. Fremu yake huwa na kama kilo moja hivi, na nyingi hazina hata tundu la kufungia keria. Ukilazimisha keria ya kubana kwenye paipu, skrubu inaweza kuponda nyuzi za ndani, na usione kitu mpaka siku inakatika ukiwa juu yake. Kaboni huvumilia sana nguvu ikija upande iliotengenezewa. Kubanwa ndiyo haitaki.

Yangu nilipewa na jamaa aliyekuwa anahama nchi, badala ya pesa za kazi niliyomwandikia. Nilikuwa nimeacha chuo, kodi imenilemea, narudi Nakuru kwa mzee. Matatu ingekuwa rahisi, sawa. Lakini sikutaka kushuka steji na mabegi kama mtu aliyefukuzwa.

Kwa hivyo nikajifunza kupakia. Vitu vizito, yaani maji, spana na chaja, vinakaa kwenye mfuko wa katikati ya fremu, chini kabisa. Nguo zinaviringishwa nyuma ya siti, zile nzito zikiwa karibu na nguzo yake, la sivyo mkia unayumba kila ukikanyaga pedali. Blanketi kwenye usukani. Laptopu mgongoni. Na kila mahali mkanda unapogusa fremu unabandika tepu kwanza, kwa sababu vumbi likiingia hapo linasugua kama msasa.

Notisi zangu za semista nne nilizipima kwa mizani ya mama mboga: kilo tatu na nusu. Alizichukua za kufungia njugu.

Kuteremka Mai Mahiu na malori nyuma yako si kitu cha kuhadithia mama. Nililala Naivasha, nikafika kesho yake jioni.

Mzee alilea watoto wanne kwa Black Mamba: viazi, maziwa, mara moja hata mlango. Akaizunguka yangu kimya, akagusa tepu.

“Umeifunga bandeji?”

“Isikwaruzwe, Baba.”

“Sasa hii inabeba nini?”

“Imenileta mimi.”

Hakuuliza habari za chuo. Alileta blada afunge gunia la viazi la shangazi, nikamkataza, akacheka. Kisha akaiinua kwa mkono mmoja, akaipeleka ndani na kuiegemeza kando ya kitanda changu cha zamani. Black Mamba yake ililala nje.