SIKU YA KURUDI DARASANI



Wahenga walituachia methali mbili ambazo mtu akizisikia pamoja huona kama zinagombana. Ya kwanza yasema, haraka haraka haina baraka. Ya pili yasema, ngoja ngoja huumiza matumbo. Jambo ninalotaka kulieleza lahitaji methali zote mbili, nalo ni hili: mtoto aliyeugua UVIKO-19, au homa nyingine ya mafua ya namna hiyo, arudi shuleni siku gani?

Mwaka 2020 Serikali ndiyo iliyoamua kwa watoto wote pamoja. Mgonjwa wa kwanza nchini mwetu alitangazwa tarehe 16 Machi, na kesho yake ikatangazwa kwamba shule zinafungwa. Mimi nilikuwa darasa la tano. Kidato cha sita walirudi tarehe 1 Juni, na sisi wengine tarehe 29 Juni. Jirani zetu walingoja zaidi. Huko Kenya watoto wote waliitwa shuleni Januari 2021, na Uganda shule hazikufunguliwa kwa wote mpaka tarehe 10 Januari 2022. Katika kungoja huko wako walioolewa, na wako walioshika vibarua, wasirudi tena darasani. Basi mtu asidhani kwamba kumweka mtoto nyumbani hakuna gharama.

Siku hizi shule hazifungwi kwa ajili ya ugonjwa huo. Uamuzi umehamia katika kila nyumba na kila bweni, na hapo ndipo watu hushindana.

Kaka yangu aliugua Julai 2021, naye alikuwa kidato cha nne katika shule ya bweni ambayo sitaitaja. Baba alikwenda kumchukua, na kipimo cha hospitali kikaonyesha kuwa ni UVIKO-19. Alilala siku nyingi kwa homa na kikohozi. Homa ilipopungua, maneno yalianza nyumbani. Baba alikuwa akihesabu majuma yaliyobaki kufika mtihani wa Novemba, akasema kijana arudi mara moja. Mama alisema hatoki mpaka mwezi mzima upite. Bibi, aliyekuwa akimfukiza kwa majani asubuhi na jioni, alisema hana haja na hesabu za siku; kwanza amwone mjukuu wake akimaliza sahani ya ugali.

Mama alimpeleka Baba kwa Mganga wa zahanati ili awaamue. Mganga aliwaeleza kanuni ya Shirika la Afya Duniani ya wakati ule: zihesabiwe siku 10 tangu dalili zilipoanza, kisha angalau siku 3 zaidi bila dalili. Lakini aliongeza neno ambalo Baba amelikariri mpaka leo. Alisema, "Mzee, siku hizo zitawalinda wenzake. Hazimpi yeye nguvu."

Kaka alirudi shuleni siku ya kumi na tano. Asubuhi ya pili alitoka mchakamchaka pamoja na wengine, akabaki nyuma. Mwalimu wa zamu alimhesabu kuwa mvivu, akampa adhabu ya kujaza pipa la maji. Ndoo ya tatu ilimshinda. Kifua kilimbana, pumzi ikawa fupi, akakaa chini karibu na bomba. Wenzake ndio waliomshika mkono wakampeleka zahanati. Nyumbani tulipopata habari, Mama hakula siku ile.

Tunamshukuru Mungu kwamba moyo wake ulipopimwa ulikuwa mzima. Mganga aliandika barua kwa Mkuu wa Shule, naye aliipokea vizuri. Barua ilisema kwamba juma la kwanza kijana asome tu na kutembea polepole. Asikimbie, asishike jembe, asibebe maji. Juma la pili aongeze mwendo na kazi nyepesi. Kama hakuna maumivu ya kifua, wala moyo kwenda mbio, wala kizunguzungu, ndipo arudie mchakamchaka kidogo kidogo. Katikati ya Septemba alikuwa akikimbia na wenzake, na Novemba alifanya mtihani wake, akachaguliwa kwenda kidato cha tano.

Hapo nilijifunza kwamba maswali ni mawili, ingawa watu huyauliza kama moja. La kwanza: je, mtoto huyu bado aweza kuwaambukiza wengine? La pili: je, ana nguvu za kubeba kazi za shule? Majibu ya maswali hayo aghalabu hayaji siku moja. Baba alikuwa akijibu la kwanza, Mama na Bibi walikuwa wakijibu la pili, na kila mmoja alidhani mwenzake ni mkaidi.

Tena kanuni za swali la kwanza zimebadilika. Marekani walianza kwa kuhesabu siku 10, wakashuka mpaka 5 Desemba 2021, na tangu Machi 2024 husema mtu arudi kazini au shuleni ikiwa kwa saa 24 hali yake imezidi kuwa nzuri, naye hana homa bila kutumia dawa ya kuishusha. Kisha ajihadhari siku 5 zaidi. Uingereza, tangu Aprili 2022, mtoto aliyepimwa akaonekana na ugonjwa huambiwa akae nyumbani siku 3. Wengine hucheka wakisema wataalamu hawajui wanalotaka. Si hivyo. Watu wengi sasa wana kinga, ama kwa chanjo ama kwa kuugua, na imejulikana kwamba mgonjwa huambukiza zaidi tangu siku moja au mbili kabla ya dalili mpaka siku mbili tatu baadaye. Vazi la masika halivaliwi kiangazi.

Mwaka huu mimi ni kiranja wa bweni, nami nimeona jinsi kanuni nzuri inavyoweza kushindwa na umaskini. Majuma mawili kabla ya mtihani wa majaribio, msichana mmoja wa kidato cha pili alikuwa akiamka alfajiri na kumeza Panadol, ili Matroni akimgusa paji la uso alikute limepoa. Nilipomwuliza kwa upole, alilia. Alisema, "Dada, nikirudishwa nyumbani, Mama hana nauli ya kunileta tena." Hakuwa mwongo kwa tabia. Alikuwa amepiga hesabu yake, na katika hesabu hiyo homa ilikuwa jambo dogo.

Nilikwenda naye kwa Matroni, nikasimama karibu naye alipokuwa akieleza. Matroni hakumrudisha nyumbani. Alimlaza katika chumba cha wagonjwa, madirisha wazi. Sisi tulimpelekea uji mlangoni, na wenzake walimnakilia masomo. Hatukujua kama ni UVIKO-19 au mafua mengine, lakini njia ni ile ile. Siku ya nne, baada ya kukaa usiku na mchana bila homa na bila dawa, alirudi darasani, akavaa barakoa siku tano, akasamehewa kufyeka majani. Mtihani aliuwahi.

Kwa hiyo nashauri hivi:

1. Joto la mwili lipimwe kabla ya kumeza dawa. Homa iliyofichwa kwa dawa haijaondoka.

2. Wazazi wamwulize mganga maswali yote mawili, wala wasigombane juu ya moja.

3. Mtoto anaporudi aje na barua, na walimu wa zamu waisome kabla ya mchakamchaka.

4. Mwenye maumivu ya kifua au pumzi fupi apelekwe zahanati mara moja, asiambiwe avumilie.

5. Asiye na nauli asilazimike kuchagua kati ya afya na masomo. Kila bweni liwe na chumba cha wagonjwa na rafiki wa kunakili masomo.

Nanyi wadogo zetu wa vidato vya chini, msiogope kusema mnapoumwa. Somo lililokupita juma hili utalipata katika daftari la mwenzako, nasi viranja tutahakikisha kwamba unalipata.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne