Dhahabu ya Lupa na Nyumba za Wachimbaji

Msafiri atokaye pwani huanza kuijua baridi ya Nyanda za Juu za Kusini mara amalizapo kona za Kitonga. Hupita chini ya mji wa Iringa uliojengwa juu ya kilima, hufuata misitu ya Mafinga, na baada ya Makambako huteremka hata ukingo wa bonde la Usangu kabla ya kupanda tena na kuingia Mbeya. Wengi huishia hapo. Lakini atakaye kujua sababu ya kuzaliwa kwa mji huo, hapana budi aendelee mbele kilometa 70 hivi, aelekee kaskazini mpaka Chunya.

Barabara hiyo huukwea mlima kwa kupindapinda. Juu kabisa upepo huvuma kwa nguvu, na Usangu yote huonekana imetandikwa chini kama jamvi. Kisha njia huteremka upande wa pili, joto hurudi, na msafiri huingia katika pori la miombo, nchi ya asali na tumbaku, ambayo vijito vyake hukauka wakati wa kiangazi. Hiyo ndiyo nchi ya Lupa.

Ndugu msomaji, usidhani kwamba huko kuna mlima wa dhahabu. Dhahabu ya Lupa ni chembe ndogo zilizofichika katika mishipa myembamba ya mawe meupe. Mvua za zama nyingi ziliyamomonyoa mawe hayo, zikachukua kilicho chepesi, na dhahabu, kwa kuwa ni nzito, ikatulia chini ya vijito. Iligunduliwa humo mwaka 1922. Wachimbaji wakamiminika, na mwaka 1927 mji wa Mbeya ukaanzishwa ili kuwahudumia. Mgodi wa New Saza ulifanya kazi tangu 1939 hata ulipofungwa mwaka 1956.

Mgodi ulifungwa, lakini hazina haikwisha. Hazina ndogo iliyotawanyika huweza kumshinda mwenye mtaji mkubwa, ikamfaa mwenye sururu na karai. Leo wachimbaji wadogo wanaendelea na kazi Matundasi, Makongolosi na Itumbi, kama wenzao wa Nyakavangala katika wilaya ya Iringa, na tangu mwaka 2019 Chunya ina soko lake la madini. Riziki hiyo imesomesha watoto na kujenga nyumba, wala si haki kuidharau.

Lakini iko khabari moja ya kazi hii ambayo kila mama na kila kijana wa nyumba ya mchimbaji yafaa aijue. Mawe yakisha kutolewa shimoni husagwa katika karasha hata yawe unga. Unga huoshwa kwa maji, chembe nzito zikabaki, kisha huchanganywa na zebaki ndani ya karai. Zebaki huikamata dhahabu, vikawa donge moja jeupe. Donge hilo huchomwa moto. Zebaki huruka kwa mvuke, na dhahabu hubaki.

Mvuke huo hauna rangi wala harufu, kwa hiyo mtu huuvuta asijue. Hudhuru ubongo, mishipa ya fahamu na figo. Mikono huanza kutetemeka na kumbukumbu hupungua. Mtoto mchanga, na yule aliye tumboni, ndio wadhurikao zaidi. Na wako wachomao donge hilo nyumbani, pengine katika jiko lile lile la kupikia, mlango ukiwa umefungwa kwa kuogopa wezi.

Ulimwengu umekwisha kuona madhara ya zebaki. Huko Minamata, nchini Japani, kiwanda kilimwaga taka za zebaki baharini. Samaki wakaingiwa na sumu, na watu waliowala wakapooza, wakafa, au wakazaa watoto wenye ulemavu. Ugonjwa huo ulitambuliwa rasmi mwaka 1956. Mkataba wa mataifa wa kupunguza zebaki umepewa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Tiba ya shari hii si kuacha kazi. Donge lichomwe nje, mbali na watu, ndani ya chombo kilichofungwa chenye bomba la kupoza mvuke. Zebaki hurudi kuwa maji, ikatumika tena, na mchimbaji akaokoa fedha yake pamoja na pumzi yake. Nguo za kazi zisiingie chumbani. Wajawazito na watoto wasiguse zebaki wala wasisogee inapochomwa.

Dini yetu imemkataza mtu kujidhuru na kumdhuru mwenziwe, na watoto ni amana mikononi mwa wazazi. Mchimbaji hushuka shimoni kwa ajili yao. Basi na asiwarudishie sumu jioni pamoja na chakula. Mwenyezi Mungu awape wachimbaji wetu riziki ya halali, na salama ya kuifaidi pamoja na watu wao.